FYUZI HULINDA WAYA. WEWE UNALINDWA NA NINI?
Somo la umeme wa nyumbani kwa wanaokwenda kupanga Jinja na Mbale



Kila mwezi kuna watu wa kambi yetu wanaofunga virago kwenda mijini. Wengine wanakwenda Jinja kutafuta kibarua viwandani, wengine Mbale kufanya biashara ndogo au kuwasomesha watoto. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi kwa utaratibu uliowekwa, na haki hiyo tuitumie. Lakini wengi wetu tumekulia kwenye mwanga wa koroboi. Chumba cha kwanza chenye umeme tunachokipata mjini ni kile cha bei nafuu kuliko vyote. Waganda hukiita muzigo. Mara nyingi kina balbu moja, soketi moja iliyolegea, na waya uliopitishwa juu ya mabati kutoka kwa jirani. Somo la leo litakusaidia kukikagua chumba hicho kabla hujatoa kodi ya mwezi wa kwanza.

Mimi si fundi mwenye kibali. Haya nimeyapata kwa fizikia ya sekondari na kwa kuwauliza mafundi wenye vibali, ambao hawachoki kueleza ukiwanunulia chai. Sikufundishi kufunga nyaya. Nakufundisha kuzitazama na kujua ni swali gani la kuuliza.

Kanuni zimetoka wapi

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili. Umeme wa bwawa hilo, na wa mabwawa yaliyofuata jirani yake kama Kiira na Bujagali, husafiri kwenye nyaya kubwa za volti 132,000 kwenda sehemu mbalimbali, pamoja na Tororo na ng'ambo ya mpaka hadi Kenya. Hupunguzwa kwa transfoma hatua kwa hatua. Unapofika kwenye nguzo ya mtaani kwako ni volti 240. Namba hiyo inaonekana ndogo ukiilinganisha na ile ya kwanza, lakini inatosha kabisa kumwua mtu mzima mwenye afya.

Kanuni za kufunga nyaya zinazofuatwa Uganda, Kenya na Tanzania zimetokana na zile za Waingereza. Za kwanza zilitolewa London mwaka 1882, na kichwa chake hakikuzungumzia urembo wala faida: zilikuwa kanuni za kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Zimepitiwa na kuongezwa mara nyingi tangu hapo, na leo ni kitabu kinene ambacho hata mafundi wengi hawajakimaliza. Usiogope unene huo. Sehemu kubwa ya kanuni hizo inajibu swali moja tu: kitu kikiharibika, umeme utapita wapi? Fundi mbaya anaangalia kama balbu imewaka, akachukua pesa yake akaondoka. Fundi mzuri anajiuliza itakuwaje siku waya utakapochubuka.

Kazi ya fyuzi

Tuanze na fyuzi, kwa sababu inaeleweka vibaya kuliko kitu kingine chochote. Ukimwuliza mtu kazi ya fyuzi atakuambia inazuia watu wasipigwe na umeme. Sivyo. Fyuzi ni kipande kifupi cha waya mwembamba, kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya uliomo ukutani. Mkondo ukizidi, kipande hicho huyeyuka kwanza, umeme unakatika, na waya wa ukutani unanusurika. Breka inafanya kazi ileile, ila yenyewe haiyeyuki. Inaruka, nawe unairudisha kwa kidole.

Mkondo hupimwa kwa ampea. Kuujua ni hesabu ya shule ya msingi: chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, gawa kwa 240. Balbu ya wati 9 haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya ampea. Pasi ya wati 1,000 inatumia ampea 4 na kidogo. Jiko la koili la wati 1,500 linatumia ampea 6 na robo. Birika la wati 2,000 linapita ampea 8. Ukiviwasha vyote vitatu kwenye ekstensheni moja umefikia karibu ampea 19, na plagi ya ekstensheni hiyo ina fyuzi ya ampea 13. Itapata moto na mwishowe kukatika.

Hapo ndipo watu wanapofanya jambo la hatari. Fyuzi ikikatika wanaona imewasumbua, wanaitoa, wanaweka msumari au karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Umeme unarudi na chai inachemka. Lakini sasa kitu kilicho dhaifu kuliko vyote katika njia ile si fyuzi tena, ni waya wenyewe, uliopita nyuma ya pazia au chini ya godoro. Na joto la waya halipandi sawa na mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne; mara tatu, joto mara tisa. Ndiyo maana moto wa umeme huonekana umetokea ghafla, ingawa waya umekuwa ukiiva kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo kanuni inataka fyuzi au breka ilingane na unene wa waya, si na hamu ya mpangaji. Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita 1.5 za mraba, na breka yake ni ya ampea 5, 6 au isiyozidi 10. Nyaya za soketi ni za milimita 2.5 za mraba, na breka yake ni ya 20. Fundi anaruhusiwa kuweka breka ya 32 ikiwa waya wa soketi umezunguka kama duara na ncha zote mbili zimerudi kwenye boksi. Jiko kubwa la umeme linapewa waya wake mnene zaidi na breka yake peke yake. Ukiona boksi lina breka moja ya 32 na inalisha taa na soketi zote kwa waya mwembamba kama wa redio, hapo breka ipo lakini hakuna inachokilinda. Kadhalika ekstensheni za bei rahisi: nyingi zina waya wa kubeba kama ampea 6 tu, hata kama plagi yake ina fyuzi ya 13. Hizo ni za simu, redio na taa. Birika usilichomeke humo.

Kuna fyuzi ndogo ndani ya plagi ambayo wengi hawajui kama ipo. Nyekundu ni ya ampea 3, kwa vyombo vidogo kama redio na taa ya mezani, mpaka wati 700 hivi. Ya kahawia ni ya 13. Kuweka ya 13 kwenye taa ya mezani yenye kawaya kembamba ni kosa lilelile la msumari, ila limevaa nguo nzuri.

Na mwili wako je?

Sasa fikiri umeshika waya uliochubuka, mikono ina maji, umesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Mwili wako katika hali hiyo unaweza kupitisha karibu robo ya ampea. Breka ya 20 inasubiri mkondo upite 20. Kwake yeye robo ya ampea ni sawa na mtu aliyewasha balbu ya wati 60. Haitaruka. Itaendelea kukupa umeme mpaka mtu mwingine aje kuuzima.

Na mwili hauhitaji hata robo hiyo. Mkondo wa sehemu moja ya mia ya ampea unatosha kuikaza misuli ya mkono usiweze kuachia ulichoshika. Ukifika sehemu tatu za mia na kupita, kifua hukaza na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo sababu nimeuliza swali lile kwenye kichwa cha somo. Fyuzi si mlinzi wako. Walinzi wako ni wawili wengine, na ukikagua chumba uwatafute kwanza.

Mlinzi wa kwanza ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita athi. Ni waya wa kijani, au wa kijani chenye mistari ya njano. Kwa upande mmoja umefungwa kwenye kila kitu cha chuma ambacho mtu anaweza kushika: bati la pasi, birika, jiko, friji, boksi la meni swichi lenyewe. Kwa upande mwingine unashuka nje ya nyumba hadi kwenye fimbo ya shaba, au ya chuma kilichopakwa shaba, iliyopigiliwa udongoni. Ndani ya pasi yako waya ukichomoka na kugusa bati, umeme utapata njia ya kushuka ardhini bila kupitia kwako.

Nenda nje ya nyumba uitafute hiyo fimbo. Usiulize tu, maana mwenye nyumba atasema ipo. Itazame. Je, waya umekazwa kwa kibano, au umezungushwa tu kama kamba ya mbuzi? Je, waya upo, au wameukata wakauza shaba? Wizi wa shaba ni mwingi, na waya wa ardhini ukikatwa hutajua, kwa sababu taa zitaendelea kuwaka kama kawaida. Hilo ndilo tatizo la athi: siku zote mia tatu na sitini haionekani kuwa na kazi.

Tazama pia fimbo imesimama wapi. Udongo wenye unyevu unapokea umeme vizuri. Changarawe au murramu iliyokauka wakati wa kiangazi inapokea vibaya. Tufanye hesabu moja zaidi. Ikiwa udongo wa mahali pale unauzuia umeme kwa omu 20, basi volti 240 zitapitisha ardhini ampea 12 tu. Breka ya 20 haitaruka kwa 12. Bati la pasi litabaki na umeme, na athi ipo! Ndiyo maana kanuni za siku hizi hazitosheki na fimbo peke yake. Zinataka mlinzi wa pili.

Mlinzi wa pili ni swichi ya uvujaji. Iko kwenye boksi pamoja na breka, ina upana wa breka mbili au zaidi, na juu yake utaona kitufe kidogo chenye herufi T. Kazi yake ni kuhesabu. Inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiwa umekwenda mwingi umerudi pungufu, inajua kuna unaovuja, labda kwenye udongo, labda kwenye mwili wa mtoto wako. Ile ya kulinda watu hukata upungufu ukifika sehemu tatu za mia za ampea, nayo hukata chini ya theluthi moja ya sekunde. Utashtuka na utapiga kelele, lakini utaachia. Bonyeza kile kitufe cha T mara moja kila mwezi. Swichi ikiruka, nzima. Isiporuka, imekufa na ibadilishwe, hata kama taa zinawaka.

Vyumba vingi vya bei nafuu havina swichi hii. Sikuambii usipange, maana najua hali ya mfuko. Nakuambia uulize bei yake dukani, kisha uzungumze na wapangaji wenzako. Moja kwenye boksi la mita inaweza kulinda vyumba vyote vya mstari ule. Jamaa wakichangia, na mwenye nyumba akatoa nusu, mzigo haumwangukii mtu mmoja.

Mabati, kamba ya nguo na plagi

Katika kukagua, inua macho juu. Waya wa umeme haurusiwi kulala wazi juu ya mabati. Jua linaukausha, upepo unausugua kwenye ncha ya bati, na siku plastiki inapokwisha, paa lote linakuwa na umeme. Kisha kuna kamba ya nguo ya chuma iliyofungwa kwenye boriti, ikigusa bati. Mama anaanika nguo mbichi. Hapo hakuna aliyechezea umeme, hakuna aliyefungua soketi. Waya unaopita darini au ukutani uwe ndani ya paipu, na kamba ya kuanikia iwe ya nailoni au katani.

Swichi ya taa inatakiwa kukata waya wa moto, ule ambao mafundi huuita laivu, si nyutro. Fundi akikosea, taa itazimika vizuri kabisa, lakini kishikio cha balbu kitabaki na umeme usiku na mchana. Kwa hiyo ukibadilisha balbu zima meni swichi, usiiamini swichi ya ukutani.

Plagi sasa. Wale waliotoka Kongo wana chaja za pini mbili za mviringo, na soketi za Uganda ni za pini tatu za bapa. Mmeshaona watu wanavyofanya: wanachomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vya chini vinafunguka, wanasukuma pini mbili. Tundu hilo la juu ni la athi. Pini ya athi imefanywa ndefu makusudi ili iingie kwanza, ifungue vile vifuniko, na iwe imeshika ardhi kabla umeme haujafika kwenye chombo. Vifuniko viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Ukivizoesha kufunguliwa kwa kijiti, mtoto anakutazama, kesho atatumia msumari. Nunua adapta. Tena angalia: chaja ya simu yenye alama ya mraba ndani ya mraba imeundwa bila kuhitaji athi. Birika au pasi ya pini mbili zisizo na athi ni jambo lingine, achana nayo.

Jinja ina majengo mengi ya zamani, na hapo kuna mtego wa rangi. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Siku hizi waya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni ya buluu. Hilo lingekuwa rahisi, kama si nyumba zinazopokea nyaya tatu za moto kwa pamoja. Katika hizo, buluu ya zamani ilikuwa waya wa moto, na nyeusi ya sasa ni waya wa moto. Yaani rangi mbili zimebadilishana kazi. Nyumba iliyofungwa zamani ikaongezwa vyumba juzi inaweza kuwa na rangi zote hizo kwenye boksi moja. Nyaya za zamani sana zimefunikwa mpira ambao ukizeeka hupasuka kama udongo mkavu. Ukiona hivyo usiguse, na usimruhusu kijana mwenye bisibisi moja mfukoni aguse.

Mafuriko ya Mbale

Mbale ina hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, maji yakaingia majumbani na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wapangaji wa bei nafuu ndio wanaokaa karibu na mito. Ukipanga bondeni, soketi ziwe juu ukutani, si karibu na sakafu. Mvua ikizidi na maji yakiwa bado nje, zima meni swichi. Yakishaingia na umesimama ndani yake, usiikaribie tena. Toka.

Baada ya mafuriko watu hukausha godoro, hufagia tope, huwasha umeme. Ngojeni. Tope linabaki ndani ya soketi na kwenye paipu za ukutani hata ukuta ukionekana mkavu. Fundi afungue, asafishe, apime, ndipo awashe. Na waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kaa mbali nao mita 10 au zaidi na uzuie watoto. Umeme unaweza kurudi bila kukupigia hodi.

Mtu akinaswa na umeme usimvute kwa mkono. Zima kwanza, au mchomoe kwa kijiti kikavu huku umesimama kwenye ubao au kandambili kavu. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, zaidi ya mara moja na nusu kwa sekunde, huku mwingine akitafuta msaada. Hata akisimama na kusema ni mzima, apelekwe zahanati, kwa sababu moyo unaweza kuyumba baadaye.

Kibali na kamyufu

Kwa Sheria ya Umeme ya Uganda ya 1999 iliundwa Mamlaka ya Kusimamia Umeme, ambayo wengi wanaijua kwa herufi ERA. Hiyo ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi, kwa madaraja. Mtu asiye na kibali haruhusiwi kufunga nyaya za nyumba, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Fundi mwenye kibali akimaliza anatia sahihi hati ya kwamba kazi imekaguliwa, na ni hati hiyo inayopelekwa kwa kampuni ya umeme kuomba kuunganishwa. Kampuni yenyewe imebadilika: Umeme Limited iliendesha usambazaji kuanzia 2005, mkataba wake ukaisha Machi 2025, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kazi hiyo imerudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Mtu akikujia na fomu za zamani akidai ada, mwulize ofisi yake iko wapi uifuate mwenyewe kwa miguu.

Waganda wana jina la fundi wa vichochoroni: kamyufu. Huyu atakuunganishia kutoka kwenye nguzo bila mita, usiku, kwa bei ya kuvutia. Sisi wageni anatupenda kwa sababu hatujui lugha ya ofisini na tunaogopa foleni. Kuiba umeme ni kosa, na adhabu zake zilizidishwa kwa marekebisho ya sheria ya 2022. Mkimbizi akishtakiwa kwa hilo ana maelezo mengi ya kutoa. Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba kazi ya kamyufu haina fyuzi, haina breka, haina athi. Kati ya kitanda chako na transfoma ya mtaa hakuna mlinzi hata mmoja.

Kama una chumba kimoja tu na kufunga nyaya za ukutani ni ghali, uliza kuhusu ubao uliotayarishwa kiwandani, wenye breka, taa na soketi tayari. Fundi anauning'iniza ukutani na kuuunganisha na mita. Haupendezi sana, lakini umekaguliwa.

Na hapa kambini

Usiseme hapa tuna sola tu. Volti 12 hazitakupiga, ni kweli, lakini zinachoma. Taa na vyombo vya wati 60 kwenye volti 240 vinatumia robo ya ampea. Kwenye volti 12 vinatumia ampea 5, mara ishirini zaidi. Kwa hiyo waya wa sola unatakiwa uwe mnene kuliko unavyodhani, na mfupi. Betri kubwa ikiguswa na waya pande zote mbili inamwaga mamia ya ampea kwa mara moja, waya unakuwa mwekundu na turubai linashika. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya jumlisha ya betri, si upande wa taa. Betri za maji zinapochajiwa hutoa gesi inayowaka, basi zikae penye hewa, mbali na mshumaa na mbali na pua za wanaolala. Na wenye vibanda vya kinyozi na video wanaotumia inveta wajue kwamba kinachotoka humo ni volti 240 zilezile za Jinja, zinazoua vilevile.

Wengine wameniuliza kama fimbo ya athi inazuia radi. Hapana. Kizuia-radi ni kazi nyingine, na waya wake hushuka nje ya jengo peke yake. Mwezi Novemba 2024 radi iliua watu 14 kwa mara moja katika makazi ya wakimbizi ya Palabek. Ngurumo zikianza chomoa vyombo, usisimame mlangoni wala kuegemea nguzo ya chuma.

Kwenye kibanda cha huduma za jamii tumeweka ubao wa mfano usio na umeme: boksi la breka lililofunguliwa, swichi ya uvujaji, soketi iliyokatwa katikati ili vifuniko vionekane, na vipande vya waya wa milimita 1.5 na 2.5 vya kulinganisha kwa vidole. Nipo hapo Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 8 mchana. Ukija, leta chaja au ekstensheni unayotumia tuifungue pamoja, na kama unasafiri wiki hii usingoje Jumanne, niite nyumbani.